Kuchunga Akili Kazini: Masomo Kutoka kwa Watu wa Bahari

Shaba inayotoka Kolwezi, Likasi na Fungurume haibaki kwetu. Inapanda makamio, inapita Kasumbalesa, inafika kwenye bandari kama Dar es Salaam, Durban ao Beira. Kutoka pale inabebwa na meli. Wengi wetu hatujaona bahari hata siku moja. Lakini mahali fulani, usiku huu, kuna mtu anayesimama ndani ya giza mbele ya kioo cha meli, na mali iliyotoka katika udongo wetu iko mikononi mwake.

Watu karibu milioni mbili wanafanya kazi ndani ya meli za biashara duniani. Kazi yao inafanana sana na ya baba na ya kaka wanaoshuka katika shimo ao wanaoendesha mashini kubwa usiku: kelele, giza, masaa marefu, jambo lilelile kila siku. Tena wao wanakaa mbali na jamaa miezi sita, miezi tisa. Basi wanafanya namna gani kusudi akili isipotee na kazi iendelee vizuri? Vijana wetu wanaotafuta kazi wana faida kubwa ya kujua jambo hilo.

ADUI SI ZORUBA PEKE YAKE

Ndani ya meli nyingi watu watatu wanapokezana kuongoza. Kila mmoja anachunga masaa manne, kisha anaacha masaa manane. Mmoja anashika saa sita ya usiku mpaka saa kumi, halafu tena saa sita ya mchana mpaka saa kumi. Mtu akisikia vile atasema: « Masaa manane ya kupumzika? Ile kazi ni mwepesi! » Hapana. Ndani ya masaa yale manane kuna karatasi za kuandika, mazoezi ya kuzima moto, na mizigo ya kupakia meli ikifika bandarini. Ndani ya meli ndogo watu ni wawili tu, masaa sita kwa sita.

Na mahali pa kulala ni palepale pa kazi. Motere inatetemesha kitanda. Mawimbi yanamgeuza mtu upande huu na upande ule. Meli ikienda mbali mashariki ao magharibi, sherti saa zigeuzwe njiani, na mwili unashindwa kujua kama ni usiku ao mchana.

Zoruba inaogopesha, ni kweli. Lakini wakati wa zoruba kila mtu yuko macho. Hatari ingine inakuja siku ya kimya, wakati mtu anaangalia maji masaa na masaa bila kuona kitu. Mwaka 1948 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Norman Mackworth, alitangaza majaribio aliyofanya juu ya jambo hilo. Aliweka watu mbele ya saa yenye mkono unaoruka kidogo-kidogo. Mara chache mkono uliruka mara mbili, na sherti mtu autambue. Kisha nusu saa tu, watu walianza kupitwa na alama nyingi. Hawakuwa wavivu. Akili ya mtu imeumbwa vile. Wale waliopumzishwa kila nusu saa waliendelea kuona vizuri.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima watu waliokaa macho muda mrefu. Kisha masaa 17 bila kulala, walifanya kazi kama watu waliokunywa pombe mpaka kiasi ambacho inchi nyingi zinakataza kwa dereva. Tunamkataza mtu aliyelewa kuendesha kamio. Na yule asiyelala, tunamwambia nini?

MELI TATU

Usiku wa tarehe 24 Machi 1989, meli Exxon Valdez ilipanda juu ya mwamba huko Alaska, Marekani. Petroli karibu litri milioni 40 zilimwagika, na ndege na samaki wengi sana wakakufa. Wachunguzi wa serikali walipotafuta sababu, moja ya zile walizotaja ni uchovu na kazi nyingi ya msaidizi aliyekuwa anaongoza.

Tarehe 3 Aprili 2010, meli Shen Neng 1, yenye kubeba makaa ya mawe, ilikwama juu ya matumbawe makubwa ya Australia. Mwongozi hakugeuza meli mahali palipopangwa. Wachunguzi waliona kwamba katika masaa 38 na nusu yaliyotangulia alikuwa amelala masaa mawili na nusu tu.

Tarehe 25 Julai 2020, meli Wakashio iligonga matumbawe ya kisiwa cha Maurice. Ilikuwa imesogea karibu na kisiwa kusudi watu wapate rezo ya telefone. Karibu tani 1.000 za mafuta ziliingia katika maji ambamo watu wanavua samaki. Hapa akili haikuharibiwa na usingizi. Ilivutwa na kitu kingine.

WANAJICHUNGA NAMNA GANI?

Tusikilize vizuri: watu wa bahari hawatumainie nguvu ya moyo peke yake. Wanapanga mambo mbele.

1. Usingizi ni sehemu ya kazi. Sheria ya mataifa inaomba kila mtu wa meli apate masaa 10 ya kupumzika katika masaa 24, na masaa 77 katika siku saba. Masaa yale sherti yaandikwe. Ni kweli, kuna meli ambamo yanaandikwa ya uongo kusudi karatasi ionekane nzuri. Lakini karatasi haiongoze meli. Mtu ndiye anaongoza.

2. Wanapokezana kwa utaratibu. Anayeingia kazi usiku anangojea kwanza macho yake yazoee giza. Anaelezwa meli iko wapi, inaenda wapi, na hatari gani iko mbele. Na kama anayetoka anaona mwenzake ni mgonjwa, amelewa ao amechoka sana, hana ruhusa ya kumwachia. Sherti amwite kapiteni. Kufanya vile si kumchongea mwenzake. Ni kumponyesha.

3. Wanaandika. Njia yote inapangwa juu ya karatasi mbele ya kutoka bandarini. Mambo ya kuangalia yanafuatwa moja kwa moja juu ya orodha, hata na mtu mwenye miaka 20 ya kazi. Kichwa kinasahau.

4. Wanagawanya siku. Kukwangua kutu, kupaka rangi, kutia mafuta katika mashini: kila asubuhi kila mmoja anajua kazi yake. Mtu anayejua kazi ya leo inaishia wapi hachoke upesi kama yule anayeona miezi sita mbele yake.

5. Wanakubali kuamshwa. Katika chumba cha kuongozea kuna kengele. Kama mwongozi hajaonyesha kwamba yuko macho kwa muda uliowekwa, kati ya dakika 3 na 12, inamwita. Asipoitika, inaita wengine.

6. Wanahitaji watu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu wa meli karibu 400.000 walizuiwa kurudi kwao hata kontra zao zilikuwa zimekwisha. Hapo ilionekana wazi kwamba huzuni inakula akili sawa na usingizi. Ni sababu hiyo makanisa yana nyumba za kupokea watu wa bahari katika bandari nyingi, kama kule Mombasa: kiti, chai, telefone ya kuita nyumbani, na mtu wa kusikiliza.

NA KWETU?

Kijana anajisifu: « Miye niko na nguvu, naweza kupiga zamu mbili bila kulala. » Ndugu yangu, mtu aliyechoka hawezi kujipima mwenyewe. Ile akili ingemwambia kwamba amechoka ndiyo imekwisha kuchoka. Ni heri umwambie mkubwa wa ekipi « Leo siwezi » kuliko wengine waje kupiga hodi kwa mama yako.

Nawe mkubwa wa ekipi, mtu akikwambia vile, usimhesabu kuwa mvivu. Ukimcheka leo, kesho wote watanyamaza.

Na ninyi jamaa, mko na kazi yenu. Baba aliyetoka zamu ya usiku analala mchana, wakati redio inalia, watoto wanacheza, na wageni wanaingia. Weka kitambaa kizito kwenye dirisha. Mambo ya feza na ya shule yangojee mpaka aamke. Mama akisema: « Baba iko analala, musifanye kelele », anachunga maisha ya watu wengi kule chini ya udongo. Na asiogope kumwambia mgeni arudi jioni.

Telefone vilevile. Kama mumeo ao mtoto wako anaendesha mashini, usimwite kila saa kumwambia matata ya nyumba. Mpangilie saa ya kuzungumza, na umpe habari nzuri pia.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika nyumba yetu, ni nani anafanya kazi usiku? Analala masaa mangapi kweli?
2. Ni kelele gani tunaweza kuondoa?
3. Kama rafiki yako anakuja kazini bila kulala, utamwambia nani, na kwa maneno gani?
4. Ni kitu gani kinavuta akili yako wakati wa kazi ao wa masomo? Utakiweka wapi?