Chuo Kidogo cha Kijijini: Pima Bei Kamili Kabla ya Kulipa Ada

Kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa, familia nyingi nchini hukaa kikao. Mezani huwa na barua mbili au tatu za udahili. Moja imetoka katika chuo kikuu cha mjini chenye jina kubwa. Nyingine imetoka katika chuo kidogo kilichoko kijijini, ambacho ada yake ni ndogo. Baba hupiga hesabu ya mazao yaliyobaki ghalani, mjomba huahidi kuchangia, na mara nyingi uamuzi hufikiwa kwa kutazama tarakimu moja tu: ile ya ada.

Elimu ya juu ni huduma inayolipiwa. Mwanafunzi na mzazi wake ni walaji sawa na mnunuzi wa bidhaa yoyote, isipokuwa kwamba huduma hii hununuliwa mara moja katika maisha, hudumu miaka mitatu au zaidi, na si rahisi kuirudisha dukani ikiwa na kasoro. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu yale tunayoyasikia kutoka kwa wanafunzi wa vyuo hivi, mazuri na magumu, ili kikao cha familia kiwe na hesabu iliyo kamili.

Kusoma mbali na mji si jambo geni

Chuo kuwa shambani si dalili ya udhaifu. Chuo Kikuu Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, nje ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na kampasi yake kuu ingali hapo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi Mpimbwe, mkoani Katavi. Kupitia mradi wa HEET, unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 425 za Marekani ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikijenga kampasi katika mikoa ambayo haikuwa nazo. Kwa hiyo idadi ya vijana watakaosomea mbali na miji mikubwa inatarajiwa kuongezeka, na maswali tunayoyajadili hapa yatazihusu familia nyingi zaidi.

Yanayosifiwa na wanafunzi

Jambo ambalo wanafunzi wa vyuo vidogo hulitaja kwanza ni ukaribu wa walimu. Katika darasa la watu thelathini au arobaini mhadhiri humjua mwanafunzi kwa jina, na akikosa vipindi viwili huulizwa. Mwanafunzi mmoja wa ualimu alitueleza kwamba andiko lake la utafiti lilisomwa na kusahihishwa na msimamizi wake mara tatu kabla ya kuwasilishwa. Rafiki yake aliyesoma katika chuo kikubwa alimwona msimamizi wake mara moja tu.

Jambo la pili ni wepesi wa maisha. Maharage, ndizi na mboga hununuliwa kwa mkulima mwenyewe, na sahani ya mama lishe wa kijijini huwa na bei ndogo kuliko ya mjini. Wenye nyumba, ambao wengi wao ni wakulima, mara nyingine hukubali kodi ya muhula badala ya kudai ya miezi sita kwa mkupuo. Utulivu nao husaidia masomo, kwa kuwa vishawishi vya kutumia fedha ni vichache.

Magumu nayo yapo. Umeme hukatika siku ya kukamilisha kazi ya darasani. Mtandao wa simu hupatikana vizuri mahali fulani tu, labda karibu na jengo la utawala, na jioni wanafunzi husongamana hapo. Anayeugua usiku huhitaji bodaboda ya kumfikisha kituo cha afya, na bei ya usiku hupangwa na dereva. Masomo yanayohitaji maabara au kompyuta huumia zaidi kuliko yale yanayohitaji kitabu na mwalimu.

Ada si bei

Kosa tunalokutana nalo mara nyingi ni kulinganisha ada kwa ada. Tutoe mfano wa hesabu. Tarakimu zake ni za kufikirika, nia yake ni kuonyesha njia. Chuo cha mjini kinatoza ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka na cha kijijini shilingi 900,000. Tofauti ni shilingi 400,000, nayo inavutia.

Sasa tuseme familia inaishi katika mji ule ule wenye chuo cha kwanza. Kijana akienda kijijini atasafiri mara nne kwa mwaka, kwenda na kurudi mara mbili, kwa nauli ya shilingi 65,000 kila safari: jumla shilingi 260,000. Kwa kuwa huko hakuna intaneti ya kutegemewa chuoni, atanunua vifurushi vya ziada vya shilingi 14,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi vitafika shilingi 140,000. Hapo ile tofauti ya shilingi 400,000 imekwisha, na bado hajalipa kodi ya chumba wala hajala.

Tubadilishe jambo moja tu. Tuseme familia inaishi wilayani, mbali na vyuo vyote viwili, na kijana angepaswa kusafiri, kununua vifurushi na kupanga chumba popote aendapo. Chumba cha mjini ni shilingi 60,000 kwa mwezi na cha kijijini ni shilingi 25,000. Kwa miezi kumi ataokoa shilingi 350,000 za kodi, juu ya zile 400,000 za ada. Kwa familia hii, chuo cha kijijini ni nafuu ya kweli.

Chuo ni kile kile na ada ni ile ile, lakini kwa familia moja unafuu ni wa jina na kwa nyingine unaonekana mfukoni. Ndiyo maana tunawasihi wazazi waandike bei ya mwaka mzima: ada, michango, chumba, chakula, nauli, vifurushi, vifaa na gharama za mafunzo kwa vitendo. Barua ya udahili huambatana na orodha ya malipo. Isomwe hadi mstari wa mwisho. Humo mtakuta mambo kama ada ya uthibiti ubora ya TCU, ambayo imekuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, bima ya afya, kitambulisho na mchango wa serikali ya wanafunzi. Kila kimoja ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Swali lisiloulizwa

Mwanafunzi mwingine alifika ofisini kwetu akiwa na bahasha ya stakabadhi. Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili alipe ada ya mwaka wa kwanza katika chuo kidogo cha binafsi. Mwaka huo ulikwenda vema. Mwaka wa pili wahadhiri wawili wa programu yake waliondoka na hawakupata warithi. Somo moja likaahirishwa, kisha la pili. Hatimaye programu ikazuiwa kupokea wanafunzi wapya, naye akalazimika kuhama. Chuo kipya hakikuyakubali baadhi ya masomo aliyokwisha kufaulu, akarudia mwaka. Nafuu ya ada ya miaka miwili ikamezwa na ada ya mwaka mmoja wa ziada, pamoja na mwaka wa ujana ambao hakuna wa kumrudishia.

Tulipomuuliza kama kuna mtu aliyedadisi idadi ya wahadhiri wa kudumu kabla ya kulipa, alinyamaza kidogo, akajibu kwamba kikao chao kilizungumzia ada tu.

Hatari ya namna hii haiko kwa vyuo vidogo pekee, lakini huko huuma haraka. Idara yenye wahadhiri ishirini inaweza kustahimili kuondoka kwa wawili. Yenye wanne huyumba. Kwa mwaka wa masomo 2017/18 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kutokana na kasoro za ubora. Hatua kama hiyo humlinda mwombaji mpya. Aliyekwisha kuingia hubaki na maswali.

Msomaji atambue pia kwamba chuo kutambuliwa ni jambo moja, na programu kutambuliwa ni jambo jingine. Chuo chenye ithibati kinaweza kutangaza programu ambayo bado haijaidhinishwa. Na kwa taaluma kama uhandisi, uuguzi au famasi, bodi au baraza la taaluma husika nalo lina kauli juu ya nani atasajiliwa kufanya kazi.

Mkopo haufuti umbali

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa mkopo kwa kuzingatia uhitaji. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Kiasi hicho kijijini hununua zaidi kuliko mjini, na hii ni faida halisi. Hata hivyo, fedha ikichelewa, aliye mbali na ndugu hana pa kukimbilia. Tunashauri mwanafunzi aende na akiba ya mwezi mmoja. Akumbuke vilevile kwamba mkopo ni deni: akiajiriwa, makato ya marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, chuo na programu yenyewe vimo katika orodha ya TCU ya mwaka huu? Msitegemee tangazo la redioni wala maneno ya wakala.
2. Programu ina wahadhiri wangapi wa kudumu, na wangapi huja kwa muda?
3. Je, masomo yote ya mwaka wa mwisho yalifundishwa kwa wakati mwaka uliopita? Waulizeni wanafunzi wenyewe.
4. Maabara, maktaba na kompyuta zipo, na hufunguliwa saa ngapi?
5. Mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi, na nani hugharamia nauli?
6. Hosteli ina nafasi kwa wa mwaka wa kwanza? Kama haina, vyumba viko umbali gani, na njia ni salama usiku?
7. Ada inaweza kulipwa kwa awamu ngapi, na mwanafunzi akiacha masomo hurejeshewa nini?

Ikiwezekana, mmoja wa familia akitembelee chuo siku ya masomo. Nauli ya safari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ada ya mwaka.

Mambo yakiharibika

Lipeni kupitia benki au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kamwe si mkononi mwa mtu, na tunzeni kila stakabadhi, barua ya udahili na matokeo ya kila muhula. Yule mwanafunzi wa bahasha aliweza kutetea masomo yake mengine kwa sababu karatasi zake zilikuwa kamili.

Malalamiko yaanze chuoni, kwa maandishi, kupitia ofisi ya mshauri wa wanafunzi au ya mkuu wa idara, na nakala ibaki kwenu. Yasipopata jibu, masuala ya ubora na udahili yapelekwe TCU, na ya mkopo yapelekwe Bodi ya Mikopo. Ikiwa chuo kilijinadi kwa huduma kisichokuwa nayo, fikeni kwetu na tangazo lenyewe, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Hatumzuii yeyote kwenda chuo kidogo cha kijijini. Wapo waliotoka huko wakiwa walimu na maofisa hodari, bila kuziacha familia zao katika madeni. Tunachoomba ni kwamba, kabla ng'ombe hajauzwa, kikao kiandike bei ya mwaka mzima kwenye karatasi, na mtu mmoja apewe kazi ya kuuliza yale maswali saba.