Dalili za Ugonjwa wa Injini ya Gari, na Yapasayo Kufanywa

Kila mwaka baada ya mavuno, wakulima wa Ikungi hupeleka alizeti na vitunguu vyao mjini Singida kwa lori, au kwa trekta lenye tela. Wengine wana gari lao wenyewe. Walio wengi hukodi. Maneno haya ni kwa wote wawili, kwa maana injini ikifa njiani hasara haimpati mwenye gari peke yake. Mwenye mzigo naye hulipa gari la pili, na vitunguu vyake huharibika juani.

Mchungaji mwema hangoji mpaka ng'ombe aanguke. Akimwona ameacha kucheua na kujitenga na wenzake, hujua kuwa ni mgonjwa. Injini nayo ni vivyo hivyo: mara nyingi huonyesha dalili kabla ya kufa. Anayezijua dalili hizo na kusimama mapema hutengeneza kitu kidogo. Anayezidharau hununua injini nyingine.

1. Joto kupanda

Injini huchoma mafuta ndani yake. Joto lake huchukuliwa na maji mpaka kwenye rejeta, ambako hupozwa kwa upepo. Maji yakivuja, mkanda wa feni ukikatika, au rejeta ikizibwa na vumbi na majani makavu, joto hubaki ndani. Hapo chuma hupindika, gasketi huungua, na mwisho pistoni hukwama ndani ya silinda.

Tazama mshale wa joto mara kwa mara. Ukipita mahali pake pa siku zote, simama, zima injini, fungua boneti, ungoje. Tena, mshale uliopanda sana ukishuka ghafula, usifurahi: huenda maji yamekwisha, na kipimo hakiguswi tena na maji.

Usifungue kifuniko cha rejeta wakati injini ina moto. Nchi ya Singida imeinuka karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hapa maji ya sufuria huchemka yafikapo digrii 95 hivi. Lakini maji ya rejeta yamefungiwa kwa nguvu, hivyo hupita hata digrii 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, hugeuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa kinene, ukifungue polepole. Wala usimwage maji ya baridi katika injini yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka.

2. Taa nyekundu ya oili

Dalili hii ni kubwa kuliko zote. Oili ndiyo inayozuia chuma kusugua chuma. Taa yake ikiwaka safarini, simama mahali palipo salama na kuzima injini papo hapo. Usiseme, "Nitafika kijiji kinachofuata." Dakika chache tu zatosha kuiua injini.

Gari likiwa mahali palipo sawa, pima oili kwa kijiti chake. Ikiwa imepungua, ongeza ya namna ile ile. Ikiwa inatosha na taa bado inawaka, au oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe tena: maji yameingia, au pampu haifanyi kazi. Gari livutwe mpaka kwa fundi.

3. Rangi ya moshi

Moshi mweusi maana yake hewa haitoshi, au mafuta yamezidi. Wakati wa kiangazi tazama kwanza chujio la hewa, kwa sababu vumbi la njia za vijijini huliziba upesi. Lililopasuka litupwe, maana vumbi likipenya husugua silinda kama mchanga.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Pistoni na ringi zake huenda zimechakaa. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si ugonjwa. Lakini usipokoma hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yakawa yanapungua, yaelekea maji yanaingia katika silinda.

4. Sauti

Mlio mwembamba mbele ya injini mara nyingi ni mkanda uliolegea. Injini ikikohoa na kukosa nguvu mlimani, huenda pana uchafu au maji katika mafuta. Basi usinunue dizeli iliyowekwa katika madebe machafu. Mgongo mzito kutoka chini, kama nyundo, ni dalili ya beringi iliyokwisha. Ukiusikia huo, usiendelee.

Mfano wa Kongwa

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa, katika nchi jirani ya Dodoma. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa yametumika vitani, madereva wengi walikuwa wamefundishwa kidogo tu, na ardhi ilikuwa ngumu. Kabla ya mwaka ule kwisha, sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala. Uhaba wa mvua nao ulizidisha hasara, na mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Basi wingi wa mashine haufai kitu pasipo mtu wa kuzitunza.

Desturi ya kila asubuhi

Kabla ya kuwasha injini, tazama maji, oili na mkanda. Kisha inama utazame chini ya gari kama pana kitu kilichovuja usiku. Kazi hii haizidi dakika 5.

Nawe unayekodi, kabla ya kupakia gunia la kwanza, mwombe dereva afungue boneti mbele yako. Na akisimama njiani kwa sababu ya mshale au taa, usimharakishe kwa kuwa soko li karibu. Kungoja saa moja kivulini ni gharama ndogo kuliko kulala njiani pamoja na mzigo wako.