Hatari ya Kuchezea Faili za Michoro kwa Ajili ya Gemu za Mtandaoni

Gemu inayochezwa kwenye Windows haiwasiliani na kadi ya michoro moja kwa moja. Hupitisha maagizo yake kwenye faili za DLL, kama d3d11.dll na dxgi.dll, nazo huyafikisha kwa draiva ya kadi. Faili halisi zimo katika folda ya System32, lakini gemu inapofunguliwa, Windows kwa kawaida huanza kuzitafuta ndani ya folda ya gemu yenyewe. Mtu akiweka humo faili yenye jina lilelile, hiyo ndiyo inayopakiwa. Kubadilisha faili hizi kuna matumizi halali: DXVK, programu inayogeuza maagizo ya Direct3D, mfumo wa michoro wa Windows, kuwa ya mfumo mwingine uitwao Vulkan, ndiyo inayowezesha gemu nyingi za Windows kuchezwa kwenye Steam Deck, kifaa cha mkononi cha gemu kinachotumia Linux.

Faili iliyoingia hivyo hupata mamlaka yote ya gemu. Inaweza kusoma kumbukumbu yake, kuingia mtandaoni na kufungua nyaraka za mtumiaji. Wadanganyifu wanaotaka kuona wapinzani nyuma ya kuta huingilia hapohapo, ndiyo maana programu za kuzuia udanganyifu hupalinda kwa ukali. Programu hizo haziwezi kujua nia ya mchezaji. Kinachoonekana kwazo ni kwamba msimbo wa gemu umeguswa.

Oktoba 2023 hata kampuni kubwa ilinaswa. AMD, inayotengeneza kadi za michoro, ilitoa draiva yenye Anti-Lag+, huduma ya kupunguza muda kati ya kubofya kipanya na tendo kuonekana kwenye skrini. Katika Counter-Strike 2, huduma hiyo ilifanya kazi kwa kugeuza njia ya maagizo ndani ya DLL za gemu. Valve, inayotengeneza gemu hiyo, iliwaonya wachezaji wasiiwashe, kwa kuwa VAC, mfumo wake wa kuzuia udanganyifu, ungewafungia akaunti. AMD ikaiondoa, na mwaka 2024 ikaleta Anti-Lag 2, ambayo watengenezaji wa gemu huiunganisha wenyewe. Mchezaji aliyepakua faili kutoka kwa mtu asiyemjua hana kampuni kubwa kama AMD ya kumtetea.

Faida ya kasi ambayo wachezaji huitafuta kwa faili hizo mara nyingi haipo. Kutoka Dar es Salaam hadi seva ya Frankfurt ni takriban kilomita 7,000, na mwanga ndani ya nyaya husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 70, na hakuna DLL inayoweza kuzipunguza.

Kubadilisha faili ndani ya System32 ni kubaya zaidi: kompyuta inaweza kuwaka na kuonyesha skrini nyeusi. Amri ya sfc /scannow hurudisha faili nyingi za Windows, lakini haifuti virusi vilivyokwisha kuingia wala haifungui akaunti iliyofungiwa. Anayetaka kasi apunguze vivuli na ukubwa wa picha katika mipangilio ya gemu, achukue draiva kwa mtengenezaji wa kadi, na atumie waya badala ya Wi-Fi.