Mwomba Hifadhi na Maelezo Anayoandikiwa

Watu wetu wa Fizi na Uvira kule Kongo, wavukao Ziwa Tanganyika hadi Kigoma kisha wakafululiza kwa basi mpaka mtaani kwetu hapa Mkuyuni kwa kuwa yupo shangazi au mjomba wa kuwapokea, aghalabu hudhani kwamba hifadhi imekwisha kupatikana pale mtu apatapo mahali pa kulala. Ilhali Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka aingiaye nchini kuomba hifadhi ajitokeze, katika muda usiozidi siku 7, mbele ya afisa aliyeidhinishwa, au mtendaji wa kijiji, au mlinzi wa amani. Ajifichaye chumbani kwa jamaa hata siku hizo zikapita hujiongezea madhila, kwani mkimbizi hupangiwa makazi kambini, mathalani Nyarugusu wilayani Kasulu, wala hatoki humo ila kwa kibali.

Ndugu zetu wa Burundi waliokimbia mwaka 2015 walitambuliwa kuwa wakimbizi kwa pamoja. Lakini utaratibu huo uliposimamishwa Januari 2017, kila mmoja alilazimika kueleza kwa kinywa chake kilichomkimbiza, na maelezo ya namna hiyo ndiyo yapimwayo na kamati ya taifa inayomshauri Waziri wa Mambo ya Ndani. Wala si lazima mtu awe ametafutwa yeye binafsi, maana Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamkinga hata aliyefukuzwa kwao na vita na machafuko.

Kwa kuwa shauri zima limesimama juu ya maelezo hayo, mawakili vishoka wamepata soko. Mama aliyekimbia msimu wa kuvuna maharage, asiyeijua tarehe, huandikiwa tarehe ya kubuni. Atakapohojiwa baadaye akautaja msimu wake, hiyo kweli yake ndiyo itakayoonekana uongo. Nasema bila kusita kwamba kishoka huyo amemdhulumu kuliko mwizi wa fedha, kwani fedha hutafutwa tena.

Kuomba hifadhi hakulipiwi. Msaada wa kisheria nao, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2017, hutolewa bure na watoa huduma waliosajiliwa kwa asiye na uwezo. Na ijapokuwa msaidizi wa kisheria hana ruhusa ya kumtetea mtu mahakamani, aweza kumwelewesha haki zake na kumfikisha kwa wakili. Jijini Dar es Salaam shirika la Dignity Kwanza limejitolea kwa kazi hii ya kuwahudumia wakimbizi.

Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, mwombaji asomewe maelezo yake neno kwa neno, kwa lugha aijuayo barabara, asahihishe palipokosewa, kisha aombe nakala. Akikataliwa, aombe jibu na sababu zake kwa maandishi, na siku hiyohiyo amtafute mwanasheria, kwa maana muda wa kuomba shauri litazamwe upya ni mfupi.