Ardhi ya Mji wa Rumonge: Nani Anailipia? (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tuliweka kipimo: ardhi ya mji hutumika vizuri pale inapowapa watu makazi, kazi na chakula kwa wingi, huku maji, udongo na miti vikidhurika kwa uchache. Leo tukipeleke kipimo hicho Rumonge, kilomita 70 na ushei kusini mwa Bujumbura.

Hapa tambarare ya Imbo ni nyembamba. Magharibi ni Ziwa Tanganyika, mashariki inapanda milima, na katikati kila mtu anataka nafasi: michikichi, soko, bandari, mialo ya samaki wa ndagala na mukeke, na nyumba. Ziwa nalo lina madai yake. Mto pekee unaotoa maji yake ni Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi maji hupanda na kukawia kushuka. Yalipanda hivyo miaka ya 1960, na katika miaka ya karibuni, hasa 2021 na 2024, yakaingia tena majumbani Rumonge na, upande wa Bujumbura, Gatumba na Kibenga. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 ilikwisha kutenga mita 150 kando ya ziwa. Wengi huuona ukanda huo kama ardhi iliyolala. Mimi nauhesabu kuwa ndio unaofanya kazi kubwa kuliko kiwanja chochote mjini: matete huchuja uchafu, samaki huzaliana humo, na maji hupata pa kutanukia bila kubomoa ukuta wa mtu.

Kisha kuna mawese, uhai wa Rumonge. Kuchemsha chikichi kunataka moto mwingi, na miombo ya milimani imekwisha kubaki vipande. Mlima ukivuliwa miti, udongo huteremka na mito hadi ziwani, na mvuvi ndiye anayelipa. Badala ya kuni, makapi na vifuu vya chikichi huwaka vizuri sana. Kinu kinachovitumia hutoa mafuta yale yale, mahali pale pale, na kuuachia mlima miti yake.

Nini huamua ardhi itumikeje? Wataalamu hutaja wingi wa watu, barabara na viwanda. Kwa Rumonge natanguliza haki ya kumiliki. Mwaka 1972, wakati wa mauaji, maelfu walikimbia mwambao huu, wengi wakaishia Tanzania, na mashamba yao yakashikwa na wengine. Waliporudi, familia mbili zikajikuta zinadai ardhi moja. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB, kushughulikia kesi hizo. Asiyejua kama mwakani kiwanja kitakuwa chake hajengi ghorofa, hachimbi mfereji wala choo cha kudumu, hapandi mti wa kushika udongo. Anasimamisha chumba cha muda, na kwa vyumba vya muda mji unasogea ziwani na milimani. Kesi moja ya kiwanja ikiamuliwa kwa haki, kwa mashahidi na mipaka iliyopimwa, inaokoa ardhi kuliko ramani mpya ya mji isiyo na wa kuitii.

Sehemu ya 3 itahusu maji machafu ya soko na ya vinu vya mawese.