Usonji na fedha za umma (2): Foleni ndiyo inayoamua

Wiki iliyopita nilieleza jinsi usonji unavyotambuliwa na kwa nini wataalamu wanasisitiza kuanza mapema. Mtaalamu mzoefu anaweza kuutambua kwa uhakika mtoto akiwa na miaka 2 hivi, umri ambao lugha na mazoea ya kuwa na watu hujengeka kwa kasi. Leo naingia kwenye pesa: nani alipe? Nimeichagua Canada kwa makusudi. Ni nchi inayojivunia matibabu ya umma, na wazazi wake walilipeleka swali hili hadi Mahakama ya Juu, wakajibiwa kwa maandishi.

Kwanza tujue kilichokuwa kikigombewa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha matokeo ya watoto 19 wenye usonji waliofundishwa mmoja mmoja, saa 40 kwa wiki, kwa miaka miwili au zaidi. Kila stadi ilikatwa vipande vidogo: tazama, shika, iga, tamka. Jibu sahihi lilipata zawadi. Watoto 9 kati ya hao 19, alisema, walimaliza darasa la kwanza katika shule ya kawaida wakiwa na kipimo cha akili cha wastani au zaidi. Habari hiyo ilienea haraka sana miongoni mwa wazazi waliokuwa wameambiwa hakuna la kufanya. Kasoro zake zilichelewa kuwafikia. Watoto hawakugawanywa kwa kura, kundi lilikuwa dogo, na aliyekosea aliweza kukaripiwa au kupigwa kofi la paja. Adhabu hizo ziliachwa baadaye. Saa nyingi zilibaki, na bili yake pia: kati ya dola 45,000 na 60,000 za Canada kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Hakuna mshahara wa kawaida unaoubeba mzigo huo.

Familia nne za jimbo la British Columbia ziliishtaki serikali yao kwa kukataa kulipa. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Auton. Mwaka 2000 jaji wa jimbo alikubaliana nao kwamba kuwanyima watoto hao tiba ni ubaguzi, kinyume cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Canada. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ikaunga mkono. Kisha tarehe 19 Novemba 2004 Mahakama ya Juu ikaupindua ushindi wote kwa kauli moja.

Hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Beverley McLachlin inastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba “matibabu ya bure” maana yake ni matibabu yote. Sheria ya afya ya Canada inayabana majimbo yagharimie huduma za lazima za madaktari na za hospitali. Zaidi ya hapo, jimbo linaamua lenyewe. Wanaowafundisha watoto hawa si madaktari, na kazi yao hufanyika sebuleni, si wodini. Kwa hiyo, ilisema mahakama, watoto hawakunyimwa kitu ambacho sheria iliwaahidi. Nini kigharimiwe ni jambo la bunge. Kisheria naielewa hoja hiyo. Lakini tazama inakotufikisha: mfuko uleule unaolipia mguu uliovunjika haumlipii mtoto asiyesema, kwa kuwa anayemsaidia hana koti jeupe.

Jambo moja la kesi hiyo halisimuliwi sana. Michelle Dawson, mtafiti wa Montreal ambaye mwenyewe ana usonji, aliingia mahakamani kama mhusika wa nje na kuwapinga wazazi. Alihoji maadili ya tiba inayolenga kumfanya mtoto asionekane kuwa na usonji, na alikerwa kwamba mashauri yote yaliendeshwa kana kwamba mtu mwenye usonji asiyepata tiba hiyo maisha yake yamekwisha, bila wenye usonji wenyewe kuulizwa. Wazazi wengi walimwona adui. Mimi naona alifanya kazi ambayo serikali na wazazi wote waliikwepa, yaani kuuliza huduma hii inamtakia nini mtoto. Kumwezesha aombe maji, aseme anaumwa wapi, acheze na wenzake: sawa. Kumfunza atulize mikono yake ili wageni wasishangae ni jambo jingine, na sioni kwa nini kodi iligharimie.

Cha kuchekesha, serikali iliyoshinda kesi ililipa hata hivyo. Kwa miaka mingi British Columbia ilizipa familia hadi dola 22,000 kwa mwaka kabla mtoto hajatimiza miaka 6, na hadi 6,000 baada ya hapo.

Ontario, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, lilikuwa limeanza mpango wake mwaka 2000, kwa watoto wa miaka 2 hadi 5. Ukitimiza miaka 6, huduma imekwisha. Wazazi walikwenda mahakamani tena. Mwaka 2005 jaji aliona huo ni ubaguzi wa umri, na mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikakataa. Mwaka 2016 serikali ya Kathleen Wynne ilitangaza kuwatoa kwenye foleni ya tiba nzito wote waliofikisha miaka 5, kila familia ipewe dola 8,000 za kuanzia. Baada ya kelele za miezi michache, ikarudi nyuma.

Halafu ikaja Februari 2019. Serikali mpya ya Doug Ford ilikuta watoto wapatao 8,400 wakihudumiwa na 23,000 wakingoja. Waziri Lisa MacLeod alikuja na mbinu ya kugawa: kila mtoto apate hadi dola 20,000 kwa mwaka akiwa chini ya miaka 6, na hadi 5,000 kutoka hapo mpaka miaka 18. Kwenye karatasi foleni ingefutika. Lakini mtoto anayehitaji tiba ya matamshi saa moja kwa wiki na yule asiyesema kabisa, anayejiumiza na asiyelala usiku, wangepimiwa kwa kibaba kimoja. Machi wazazi walijaa nje ya bunge la jimbo mjini Toronto. Bajeti ikapandishwa kutoka dola milioni 321 hadi milioni 600, Juni waziri akahamishiwa wizara nyingine, na kamati iliyoundwa ikapendekeza kila mtoto agawiwe kulingana na mahitaji yake. Ndivyo inavyofanyika sasa. Na foleni? Waliosajiliwa wamepita 60,000.

Hapa ndipo penye kiini. Huduma ya mapema ina sifa isiyopatikana katika barabara wala umeme: ikichelewa, inabadilika kuwa kitu kingine. Barabara iliyokawia miaka minne bado ni barabara. Mtoto aliyeandikishwa akiwa na miaka 3 na kuitwa akiwa na miaka 7 hawezi tena kupewa huduma ya miaka 3. Kwa hiyo serikali inayoweka ukomo wa umri mbele ya foleni ndefu imekwisha kuamua nani akose, wala hakuna ofisa anayeweka saini kwenye barua ya kukataa. Mzazi anapewa namba, anaambiwa asubiri. Hawezi kukata rufaa dhidi ya kusubiri.

Marekani, kwa kasoro zake zote za bima na matibabu, ilichukua njia nyingine. Sheria ya 1986 iliweka huduma kwa watoto wenye ucheleweshi wa ukuaji tangu kuzaliwa hadi miaka 3, na kanuni zake zinatoa siku 45 tangu mtoto aripotiwe hadi kikao cha kupanga huduma zake pamoja na familia. Uchunguzi ni bure. Siku hizo huvunjwa, na wataalamu ni wachache huko pia. Ila zikivunjwa, mzazi ana kifungu cha kukishika na mahali pa kulalamika.

Wala si lazima kila kinachotolewa mapema kiwe cha dola 60,000. Uingereza, Jonathan Green na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wadogo wenye usonji kwa kuwaonyesha video zao wenyewe wakicheza na mtoto, wajifunze kuona ishara ndogo za mawasiliano na kuzijibu. Jaribio lilikuwa na watoto 152, safari hii waliogawanywa kwa kura. Mwaka 2010 matokeo yalionekana ya wastani tu. Walipowafuatilia, wakachapisha tena mwaka 2016, nafuu bado ilikuwapo miaka kama sita baadaye. Ontario nayo ina programu za kuwafundisha wazazi wa watoto wa miezi 12 hadi 48. Mafunzo ya aina hii ndiyo yangepaswa kutolewa mlangoni, wiki mzazi anapojiandikisha, hata kabla ya cheti cha daktari.

Neno kwa ndugu zetu walioko Toronto, Ottawa na kwingineko. Nyumbani tumezoea kumtuliza mama kwa kumwambia “atasema tu, hata baba yake alichelewa”, na miezi inakatika. Msajilini mtoto kwanza, mbishane baadaye. Na mkishauriwa kuacha Kiswahili ili mtoto asichanganyikiwe, msikubali upesi. Utafiti wa Catherine Hambly na Eric Fombonne, uliochapishwa mwaka 2012, haukukuta kwamba watoto wenye usonji wanaolelewa katika lugha mbili wanachelewa zaidi ya wenzao wa lugha moja. Mama aliyekatazwa lugha yake huishia kuongea na mwanawe kidogo.

Wiki ijayo: mtoto anapofika shuleni, na mvutano kati ya wizara ya elimu na ile ya huduma za watoto kuhusu nani amlipe msaidizi wa darasani.