Simba Mwenda Pole Ameingia Kwenye Simu

Mwezi huu wazazi kadhaa walitusimamisha njiani na kutuuliza: eti walimu wa kujitolea mnafundisha watoto wetu kucheza na simu? Ndiyo, tunacheza nao kila Jumamosi. Leo tunawaeleza ni kwa nini.

Mchezo wenyewe ni Pokémon, ulioanzia Japani mwaka 1996. Ni vita vya wanyama wa kubuni, na kila mmoja anacheza kwa zamu yake. Tuna simu mbili tu. Watoto wawili wanashindana, wengine wanajaa nyuma yao na makelele. Karibu wote wanataka mnyama mwenye mbio na pigo kali. Kipenzi chao ni Dragapult, joka lenye mwendo wa 142.

Msichana mmoja wa miaka 12 yeye alichagua Toxapex. Huyu ni mnyama wa sumu na maji aliyeingia kwenye mchezo mwaka 2016, na miguu yake 12 imemfunika kama hema. Mwendo wake ni 35 tu, na pigo lake ni dhaifu. Lakini ulinzi wake ni 152! Wenzake walicheka sana: "Huyu iko muzito kama gunia ya mahindi!" Mtoto alinyamaza. Kumbe na darasani wanamwita hivyo hivyo, mzito. Kongo alisoma kwa Kifaransa, hapa Uganda ni Kiingereza, basi anafikiri kwanza ndipo anajibu.

Sasa sikilizeni namna mzito anavyopigana. Chukua uhai wa adui kama jerikani ya vikombe 16 vya maji. Toxapex anampulizia sumu inayoitwa Toxic. Mwisho wa zamu ya kwanza kinamwagika kikombe 1, zamu ya pili vikombe 2, ya tatu 3, ya nne 4, ya tano 5. Jumlisha: ni 15. Kimebaki kikombe kimoja. Zamu ya sita adui anaanguka, hata kama hakuna aliyempiga kofi.

Wakati huo Toxapex anafanya nini? Anavumilia mapigo. Akiumia sana anatumia Recover, na nusu ya uhai wake wote inarudi. Tena anabeba tope liitwalo Black Sludge, linalomrudishia kikombe kimoja kila zamu. Asiye wa jamii ya sumu akilibeba tope hilo, linamuumiza mwenyewe.

Lakini tusidanganyane, Jumamosi ya kwanza yule msichana alishindwa. Mwenzake alileta mnyama wa chuma, na sumu haiingii kwenye chuma. Haimdhuru pia mwenye sumu mwenzake. Jumamosi ya pili alishindwa tena. Adui alipougua, mwenzake alimtoa, akaingiza mwingine. Aliporudi yule mgonjwa, hesabu ilianza upya kwenye kikombe 1. Tena mwenzake alikuwa na pigo la umeme. Umeme, ardhi na nguvu za akili, hivyo vitatu vinamuumiza Toxapex vibaya. Msichana hakulia. Aliandika yote kwenye daftari.

Jumamosi ya tatu akakutana na Dragapult. Joka likapiga, yeye akatia sumu. Likapiga tena, yeye akajiponya. Tulimwona kijana mwenye joka anajua dawa ni kulitoa, lakini alikataa: atalitoaje mbele ya huyu mzito? Watoto wote wakaanza kuhesabu vikombe kwa sauti. Zamu ya sita joka lilianguka.

Jumatatu tuliandika ubaoni: 1/16 + 2/16 + 3/16. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wake. Alijibu 6/16, kisha akaongeza kwamba inapungua kuwa 3/8. Hakuna aliyecheka.

Ndugu wazazi, hapa Nakivale watu wengi tunangoja: wengine majibu ya karatasi, wengine habari za nyumbani. Watoto wanatuona tukingoja, na wengine wanadhani kungoja ni kukaa bure. Huyu Toxapex anangoja, lakini kila zamu anafanya kitu kidogo, na anakihesabu. Ndiyo maana wazee walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Masharti yetu ni haya: saa mbili tu kwa Jumamosi, kazi ya shule imalizike kwanza, na hakuna kucheza kwa pesa. Mzazi mwenye wasiwasi aje akae nasi aone mwenyewe. Na mtoto wako akiambiwa ni mzito, muulize kwanza anahesabu nini.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.